Barua ya wazi kwa wakubwa wa leseni: Msumbiji iko ng'ambo ya mto, kibali cha kuendesha huko mpaka Dar

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu mambo vipi.

Naandika hii kwa nyie wote mnaohusika na leseni za udereva, wa wizarani, wa trafiki, wa mapato, na nyie mnaokaa nyuma ya dirisha mnatoa kile kijitabu cha kuendeshea gari nje ya nchi, wengi wanakiita leseni ya kimataifa. Sijui barua kama hii inaanziaga kwa nani ndo maana nawarushia wote, atakayeona inamgusa aichukue. Mimi ni dereva, nakaa Mtwara mjini huku Chikongola, nina miaka kumi na moja barabarani, nimeendesha Fuso za korosho, nimeendesha Noah, nimeendesha mpaka trekta la shamba la mtu, na kesi ya kugonga sina.

Shida yangu naisema mapema anayesoma kwenye simu asichoke. Kutoka hapa mjini mpaka kivuko cha Kilambo pale mto Ruvuma hata kilomita 50 hazifiki, ng'ambo ni Msumbiji, nchi ya watu. Kutoka hapa hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550. Sasa kibali cha kuendesha gari nchi ya watu, mimi ambaye nchi ya watu naiona kwa macho, nakifuata Dar. Na nimekifuata mara mbili kwa ajili ya kijitabu kimoja.

Ilianza hivi. Mwaka juzi mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja, miguu ilimkataa akiwa Mueda, huko Msumbiji. Alivuka mto enzi za ujana wake akaoa kule akapanda mikorosho yake kule akabaki. Mama akasema nendeni mkamlete atibiwe huku nimuone. Anayewajua watu wa kusini anajua mama akishamtaja kaka yake hapo hakuna kikao tena, kwetu mjomba ndo mwenye watoto, baba anasaidia kulea tu (mababa msininunie, ndo tulivyokuta). Bosi wangu Mungu ambariki akanipa Noah yake, akaniandikia na barua ya kuniruhusu kutoka nayo nje ya nchi, kadi ya gari nikabeba, pasipoti ninayo, leseni ninayo tena ya moto. Nikajiona nimekamilika.

Njia ya Kilambo tuliiacha maana upande ule wa pwani, Palma na Mocímboa da Praia, tangu vurugu zilivyoanza 2017 mtu unauliza kwanza ndo unapita. Tukazunguka Masasi, Mangaka, mpaka Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja. Lile daraja lina mita 720, walilifungua Mei 2010 Rais Kikwete na Rais Guebuza, na siku ile wazee wa Nanyumbu walishangilia kweli kweli wakijua sasa ndugu watatembeleana bila kuogopa mamba. Pale mpakani sina la kulaumu, gari likaandikwa, bima ya upande wa pili nikakata kwa sababu ile bima ya COMESA, kadi ya njano wanayotamba nayo madereva wa Zambia, Msumbiji haimo. Pembetatu nyekundu za kuweka barabarani nilikuwa nazo mbili na koti la kung'aa ninalo, maana jamaa mmoja wa Masasi alinitonya kwamba kule wanataka hivyo. Angalia hapo, alinitonya mtu wa stendi. Sio ofisi yoyote, sio karatasi yoyote iliyobandikwa ukutani, ni jamaa tu anakula chipsi.

Kabla hatujafika Mueda askari mmoja akatusimamisha. Akaomba karatasi za gari, nikampa, sawa. Akaomba leseni, nikampa, akaiangalia mbele akaigeuza nyuma akaigeuza tena mbele kama mtu anayekagua noti. Maandishi yake Kiingereza, yeye anaongea Kireno, mimi naongea Kiswahili na Kimakonde, yeye Kimakonde hajui ni mtu wa kusini mwa kwao huko. Angekuwa wa maeneo yale tungemalizana kwa salamu tu maana Wamakonde ni wale wale huku na kule, na Kiswahili kwenye jimbo lao lile la Cabo Delgado kinasikika sana. Nikampigia binamu yangu, mtoto wa mjomba, nikaweka spika, akawa anatutafsiria tumesimama juani. Kumbe jamaa anatafuta herufi B. Kwao gari dogo ni B. Kwenye leseni yangu anaona D. Anauliza, hii D ni ya nini, na je leseni ya kimataifa iko wapi?

Wakubwa hapa ndo nataka mtulie kidogo maana nahisi wengine hata nyie hamjawahi kulifikiria. Madaraja ya leseni yetu ni yetu wenyewe. Hapa kwetu C na ndugu zake C1, C2, C3 ni magari ya abiria, D ni magari ya kawaida yasiyo pikipiki, ya abiria wala malori mazito, E ndo malori. Sasa kwenye ile mikataba ya kimataifa ya usalama barabarani, wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968, B ndo gari dogo lisilozidi kilo 3,500 na viti vya abiria visivyozidi nane, C ni lori, D ni basi! Kwaiyo mimi nikienda nchi inayosoma kwa mikataba hiyo na kikadi changu chenye D naonekana dereva wa basi ambaye hana ruhusa ya kuendesha Noah, na konda wa daladala aliyesomea C akienda huko ataonekana dereva wa lori. Inachekesha ukiwa nyumbani. Ukiwa juani na mama amekaa siti ya nyuma ana maji nusu chupa haichekeshi.

Na ndo kazi ya kile kijitabu. Watu wengi wanadhani kile ni leseni kubwa zaidi, kama vile mtu amepandishwa cheo akawa dereva wa dunia nzima. Hapana bwana. Ni tafsiri tu. Kijitabu cha kijivu kwa nje, kurasa nyeupe ndani, kinasema kwa lugha kadhaa kwamba huyu mwenye picha hii ana leseni ya nchini kwake na anaruhusiwa aina hizi za magari, wanagonga muhuri kwenye herufi inayokuhusu basi. Peke yake hakina kazi, lazima utembee nacho pamoja na leseni yako. Na kinatolewa na nchi iliyokupa leseni, huwezi kufika Maputo ukaomba pale wakutengenezee cha Tanzania. Cha mkataba wa 1949 kinaishi mwaka mmoja. Cha 1968 kinaweza kufika miaka mitatu lakini leseni yako ikifa nacho kimekufa, shikeni hapo kwenye kufa kwa leseni maana narudi.

Askari nikamuachia metikali, hela ya kwao, alizotaka. Risiti sikuiona na sikuiomba, mama alishaanza kusali kwa sauti.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadae. Nchi za SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walishakubaliana zamani kutambuana leseni, ipo kwenye itifaki yao ya uchukuzi na mawasiliano ya 1996, na sisi tumo na Msumbiji wamo. Yani huenda yule askari hakuwa hata na haki ya kunidai kile kitu, ila mimi ningemjibu nini? Sina karatasi, sina kipeperushi, sina hata ujumbe wa simu unaosema bwana ukifika Msumbiji onyesha hiki na hiki. Dereva asiyejua haki yake ni mtaji wa mtu mwingine. Mngekuwa mmebandika tangazo moja pale Mtambaswala, Kiswahili juu Kireno chini, leseni ya Tanzania inatambulika kwa kifungu fulani, madaraja yake maana yake hii, D yetu ni B yenu, mimi ningelipiga picha nikamuonyesha. Hela ya kuchapisha tangazo lile sidhani kama inafika bei ya tairi moja la gari la mkubwa.

Afu hebu nitoke nje ya mada dakika moja. Nachingwea hapo Lindi ndo walipofundishwa vita wapiganaji wa FRELIMO waliopigania uhuru wa Msumbiji, wazee wetu waliishi nao, waligawana nao mihogo na mtama. Leo mjukuu wa aliyegawa mihogo anasimamishwa na mjukuu wa aliyekula mihogo kwa sababu ya herufi D. Haya turudi.

Niliporudi (mjomba alifika salama, yupo hapa Chikongola anakula ming'oko na kulalamika kwamba chai ya mama haina sukari) nikasema safari nyingine siendi kizembe. Nikaanza kuulizia kibali hapa hapa mkoani. Dirisha la kwanza dada akaniambia hicho kitu hakipo Tanzania. Hakipo! Dirisha la pili baba mmoja mtaratibu tu akasema kipo ila sio sisi, nenda Dar. Ya Dar wapi, akasema utaulizia. Sehemu ya tatu nikaulizwa mimi swali, kwani Msumbiji wanahitaji? Majina ya ofisi siyataji kwa sababu wale ni watumishi tu hakuna aliyewafundisha, mnaojua ni nyie huko juu na mmekaa nacho.

Nikapanda basi. Nyie wa Dar mkisikia Mtwara–Dar mnadhani ni kupanda na kushuka. Barabara ni nzuri sikatai, sio ile ya zamani ya kulala njiani kabla ya Daraja la Mkapa pale Rufiji ambapo watu walikuwa wanapika ubwabwa porini wakisubiri kivuko. Lakini na sisi huku barabara yetu ni moja, ikikatika tumekatika. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 mvua zikaisomba barabara maeneo ya Kilwa, pale Somanga, magari yakajipanga siku kadhaa, nyanya zikaoza, wagonjwa wakakwama. Sasa mtu mwenye shida ya kijitabu cha kurasa chache anawekwa kwenye barabara hiyo kwenda na kurudi, alale gesti Mbagala, ale, apande daladala, apotee Posta, aulize watu watatu. Mimi siku ya kwanza nilifika dirishani saa tisa na nusu nikaambiwa leo tumefunga mahesabu njoo kesho.

Kesho nikawa wa kwanza. Nikatoa picha, nikatoa leseni na kopi yake, pasipoti, hela. Kijana mpole kabisa akaiangalia leseni yangu akasema kaka hii imebakiza miezi miwili na nusu, tukikutengenezea kibali nacho kitaishi miezi miwili na nusu, bora ukahuishe leseni kwanza ndo uje. Sikumchukia maana alinisaidia, angekuwa na roho nyingine angechukua hela akanipa. Ila wakubwa, hiyo sentensi moja aliyoniambia ilikuwa na thamani ya nauli ya kwenda na kurudi. Ingeandikwa mahali popote, kwenye mtandao, kwenye mlango wa ofisi Mtwara, kwenye karatasi ya A4 iliyogandishwa na soloteip, "hakikisha leseni yako ina muda wa kutosha kabla ya kuja", mimi ningehuisha nyumbani kwangu ndo nikasafiri. Nikarudi Mtwara mikono mitupu, nikalipia leseni mpya elfu 70 ya miaka mitano, hapo hamna shida nilipigwa picha hapa hapa, vidole hapa hapa, nikasubiri nikapata. Afu nikapanda basi tena.

Mara ya pili kazi yote, kuandika jina, kubandika picha, kugonga mihuri, ilichukua muda ambao chai yangu haijapoa. Sitanii, nilikuwa nimenunua chai na chapati kwa mama ntilie nje, nikaacha kikombe kwenye meza yake nikaingia, nilivyotoka bado ya moto.

Nikajumlisha. Nauli mara nne, gesti usiku tatu, msosi, daladala, bodaboda, siku sita ambazo bosi hanilipi kwa sababu gari halijatembea. Bei ya kijitabu chenyewe ukiiweka pembeni ya hizo hela ni kama njugu mkononi mwa tembo. Na mimi ni mwanaume nina mguu mzima na bosi muelewa. Mama wa Liwale ambaye mwanae anaolewa Nairobi na anataka kuendesha mwenyewe? Kijana wa Ruangwa aliyepata nafasi ya kusoma Ulaya? (Kenya na Uganda najua leseni yetu inakubalika kwa mambo ya Jumuiya, lakini huyo mama anajuaje kama hakuna alipoandikiwa? Atapanda basi aende akaulize.)

Sasa swali langu ni jepesi. Kwenye kile kijitabu kuna jina langu, tarehe ya kuzaliwa, picha, sahihi, namba ya leseni na aina ya magari. Kati ya hivyo hakuna hata kimoja ambacho hamna tayari kwenye mfumo wenu, tena mlikichukulia Mtwara. Nikikamatwa na trafiki hapa Mikindani anabonyeza namba ya leseni yangu anaona mpaka faini niliyosahau mwaka jana. Sasa inashindikana nini nikabonyeza mimi, nikalipia kwa namba ya malipo kama tunavyolipia kila kitu siku hizi, kijitabu kikaandikwa huko huko Dar mnakokipenda, kikaja kwa EMS ya Posta au hata kwa parcel ya basi? Vipuri vya Fuso vinafika kwa basi. Dawa zinafika kwa basi. Kuku wa mayai wanafika kwa basi wakiwa hai. Kijitabu ndo kinashindwa kupanda basi mpaka nikifuate mimi?

Uingereza, ambao sheria nyingi tulirithi kwao, zamani walikuwa wanakichukulia posta, na tangu Aprili 2024 wanakichukulia kwenye maduka ya kawaida yenye huduma ya PayPoint, yale ya kulipia umeme na bili. Pauni 5.50, unaingia na leseni na picha unatoka nacho. Yani kama unavyonunua luku kwa Mangi. Sisi tuna Posta kila mkoa, zingine zimebaki na meza na feni, zipeni kazi. Mtwara pale mjini, Lindi pale, Masasi pale kwa sababu ndo njia ya Mtambaswala. Najua mtaniambia wahitaji wa Mtwara ni wachache haiwezi kulipa. Wachache kwa hesabu gani? Mnawahesabu waliofika dirishani Dar. Waliokata tamaa Mnazi Mmoja ya huku Lindi hamjawahesabu, na wanaopita kwa kutoa kitu kidogo hamjawahesabu, hao ndo wengi.

Kuna jingine linakuja kwa kasi na msipoangalia litawaumiza watu. Kijitabu cha kweli kikiwa mbali cha uongo kinakuja mpaka kitandani. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alitumiwa tangazo kwenye WhatsApp, leseni ya kimataifa, hakuna mtihani, inakubalika dunia nzima, inadumu miaka kumi, kikadi cha plastiki kinang'aa kina ramani ya dunia, akalipa kwa dola kupitia kadi ya rafiki yake. Kikafika kweli. Kizuri hata mimi nilikitamani. Lakini kama nilivyosema hapo juu, kibali cha halali hakivuki miaka mitatu na lazima kitolewe na waliopewa idhini na nchi yako, kwaiyo chochote kinachosema miaka kumi hicho ni pambo. Marekani kwenyewe serikali yao imeshawaonya watu wao kuhusu hao wauzaji wa mtandaoni. Kijana wetu nimemwambia akiweke kwenye albamu. Amenuna mpaka leo, anasema namuonea wivu.

Na wanaokwenda Uarabuni kutafuta kazi ya udereva nao waambieni ukweli kabla hawajauza shamba la korosho. Kile kibali ni cha mgeni, mtu wa kupita. Ukishakuwa mkazi kule Dubai na viza yao ya kazi unatakiwa leseni ya kwao, unaanza na shule na mtihani wa kwao. Mawakala hawalisemi hilo. Wanasema tu "njoo na intanesheno". Japani nao wanakubali kijitabu cha mkataba wa 1949 tu, wa 1968 wanakurudishia. Kwaiyo hata mwenye kijitabu halali anatakiwa ajue amepewa cha mwaka gani, na hilo nalo sikuambiwa dirishani, nilisoma mwenyewe kwenye jalada nikiwa kwenye basi tumesimama Nangurukuru watu wanachimba dawa.

Kingine kidogo, maana nimeshashika kalamu. Gari likitoka nje linatakiwa libandikwe herufi za nchi yake nyuma. Madereva wengi huku wanajua ni T kwa sababu namba zetu zinaanza na T, na stika za T nimeziona zinauzwa. T kimataifa ni Thailand. Yetu ni EAT, ya Zanzibar EAZ, Kenya EAK. Nimeshabishana na mtu Masasi mpaka akataka tuwekeane buku tano, nikamuonea huruma. Na yeye sio mjinga, ana miaka ishirini barabarani, hakuna mtu aliyewahi kumwambia, hata kwenye shule ya udereva aliyopita hawakumwambia. Ile VETA yetu hapa inafundisha vijana kila mwaka, wekeni hata kipindi kimoja, ukivuka mpaka unahitaji nini. Wale wa magari ya abiria mnawapeleka mpaka Mabibo Dar wakasome Chuo cha Usafirishaji (sisi wa kusini tukisikia Mabibo tunawaza uraka, ile pombe ya matunda ya mkorosho, lakini haya), basi na huko muwaambie.

Ninachoomba sio kingi. Dirisha la kibali liwepo Mtwara na Lindi au njia ya kuomba ukiwa nyumbani kikaja kwa basi, lolote kati ya hayo sichagui. Karatasi iliyoandikwa Kiswahili cha kueleweka inayosema nchi ipi inataka kijitabu, ipi inakubali leseni yetu kama ilivyo, na leseni iwe na muda gani. Lile tangazo la Kiswahili na Kireno pale darajani, na kule Kilambo pia kwa siku za kivuko. Na mkiwa mnatengeneza leseni mpya siku moja, angalieni hizo herufi, kwa wenzenu wengi D ni basi kwetu D ni gari dogo, sio lazima tuwe tofauti kwa kila kitu.

Kijitabu changu kinaisha Desemba hii. Mjomba miguu imepona, sasa anasema msimu wa korosho ukiisha tu anataka arudi Mueda akaangalie mikorosho yake maana watoto hawaijali, na mama kashasema nitampeleka mimi, na mnajua mama akishasema. Kwaiyo mwezi wa kwanza nitahitaji kingine. Mkiwa na jibu kabla ya hapo namba yangu ya simu mnayo, nimeiandika kwenye fomu zenu mara mbili.

Wenu,
Dereva wa Noah ya watu, Chikongola, Mtwara